Mtoto Anapoanza Kujua Watu

Mzazi wa mtoto wa kwanza huulizwa maswali yale yale kila aendako. Ameshakaa? Ameota jino? Anatambaa? Majirani huyauliza bombani, mashangazi huyauliza kwa simu, na mwuguzi wa kliniki huyauliza huku kalamu iko mkononi. Ni maswali mazuri, na majibu yake huonekana kwa macho. Liko jambo jingine ambalo aghalabu halimo katika maswali hayo, nalo huingia nyumbani bila hodi kati ya mwezi wa saba na wa tisa. Mtoto aliyekuwa akipokewa na kila mkono, na kumchekea kila mpita njia, siku hiyo humkazia mgeni macho, mdomo humtetemeka, kisha hupiga kelele kama aliyeungua. Watu husema mtoto ameanza kujua watu. Katika nyumba ya karani au ya mwenye duka jambo hilo huchekwa na kusahauliwa. Katika nyumba ya askari mambo huwa mengine, kwa maana mgeni anayekimbiwa huenda akawa ndiye baba mwenyewe.

Ndivyo ilivyotokea katika kambi moja mjini Kampala mwaka 2019. Mama wa mtoto alikuwa bibi wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Arua, na bwana wake alikuwa koplo, Mteso wa Soroti. Yeye hakujua Kiteso, wala bwana hakujua Kilugbara, basi lugha ya nyumba yao ilikuwa Kiswahili, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kambini. Walikaa katika nyumba ya duara ya bati, zile ambazo tangu zamani huitwa "mama ingia pole" kwa sababu ya ufupi wa mlango. Saa saba za mchana nyumba hiyo huwaka moto kama tanuri, na usiku wa mvua huwa baridi kama birika lililosahauliwa nje. Kumlea mtoto mchanga humo si kazi ya mtu mvivu.

Koplo aliondoka Januari 2018 kwenda Somalia. Uganda ndiyo iliyotangulia kupeleka askari Mogadishu chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, Machi 2007, na tangu hapo jina la jeshi hilo limebadilishwa mara mbili, mwaka 2022 na mwaka 2025. Walakini hali ya nyumba zinazoachwa nyuma imekuwa ile ile: mshahara huingia benki, simu hulia usiku, na watoto huzaliwa baba zao wakiwa ng'ambo. Siku aliyoondoka mimba ilikuwa ya miezi minne. Jioni ya kuamkia safari alinunua dukani daftari la kurasa 96, akampa mkewe, akasema, "Kila kitu utakachokiona kwa mtoto, andika na tarehe. Nikirudi nisome."

Mtoto alizaliwa tarehe 4 Juni 2018, binti. Baganda humwita mwanamke katika siku hizo nakawere, na humpa heshima yake: hapiki, hachoti maji, huletewa supu. Mama huyu hakuwa na mama mzazi karibu, wala wifi. Aliyemwokoa alikuwa jirani yake, mke wa sajenti, Mganda wa makamo aliyekwisha kulea wanawe sita. Huyo ndiye aliyekuja kila asubuhi na maji ya kyogero, yaliyochemshwa kwa majani, kumwosha mtoto. Na ndiye aliyemfundisha mama namna ya kufunga mbeleko isiyomning'iniza mtoto shingo. Pale Mulago ipo nyumba maarufu ya kutibu watoto waliokosa chakula bora, iliyoanzishwa katika miaka ya 1960, inayoitwa Mwanamugimu. Jina hilo limetoka katika methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutoka katika ngozi, yaani mbeleko ya mama yake. Mke wa sajenti hakuhitaji kuambiwa methali hiyo.

Daftari lilianza kujaa. Katika juma la sita, siku ya chanjo ya pili, mtoto alitabasamu. Mama aliandika saa. Chanjo hizo, kama wazazi wote wanavyojua au wapaswavyo kujua, hutolewa anapozaliwa, kisha katika juma la 6, la 10 na la 14, na ile ya surua hufuata anapotimiza miezi tisa. Katika mwezi wa tatu mtoto alianza kucheka kwa sauti. Koplo alipopata mtandao mzuri, alipiga simu ya picha, mama akaiweka simu mbele ya mtoto, naye mtoto akaichekea. Koplo alifurahi mno. Alienda akawaambia wenzake kwamba binti yake anamfahamu. Hakuna aliyemkosoa, na pengine haikufaa kumkosoa; lakini mtoto wa miezi mitatu huchekea kila uso unaomjia kwa upole. Angemchekea hata meja jenerali.

Katika nusu ya mwezi wa nne mke wa sajenti alileta beseni la plastiki. Alilitandika shuka kuukuu, akamketisha mtoto ndani yake, akamzungushia vitambaa kiunoni ili asianguke, akasema, "Sasa na ajifunze kukaa apokee wageni." Mama aliogopa. Kwao hawakufanya hivyo, na shangazi yake alipoambiwa kwa simu alisema mgongo wa mtoto utapinda. Mke wa sajenti alicheka. Desturi ya Baganda ni ya tangu zamani: mtoto afikapo miezi mitatu huanza kuketishwa, kwanza mapajani, kisha chini juu ya mkeka akiwa ameegemezwa kwa vitambaa, kwa dakika chache kila siku. Mtoto anayekaa huonana na watu uso kwa uso, huamkiwa, hujibu kwa tabasamu. Kwa Baganda kukaa ni mwanzo wa adabu.

Desturi hiyo iliwahi kuwashangaza wataalamu. Katika miaka ya 1950 Bibi Marcelle Geber, Mfaransa, aliwapima watoto wachanga wa Kampala pamoja na Daktari Dean wa Mulago, wakaona kwamba watoto hao walikuwa mbele ya watoto wa Ulaya katika kukaza shingo, kukaa na kusimama. Wengine waliosoma habari hiyo walidhani ni maumbile tu. Baadaye Mmarekani Charles Super alikaa miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya, na katika maandishi yake ya mwaka 1976 alieleza jambo ambalo mke wa sajenti angeweza kumwambia bure: watoto wale waliwahi katika yale waliyofundishwa, kama kukaa na kutembea, lakini hawakuwahi katika yale ambayo hakuna aliyewafundisha, kama kutambaa. Mkono wa mlezi umo ndani ya kila hatua ya mtoto.

Hata hivyo mama asikeshe akihesabu siku. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, mojawapo ikiwa Omani, na mwaka 2006 likatangaza kwamba mtoto mzima huweza kukaa bila kuegemea wakati wo wote tangu karibu miezi minne hadi miezi tisa, na kutembea peke yake tangu miezi minane hadi miezi kumi na saba na nusu. Kuna watoto wachache ambao hawatambai kabisa, husimama tu wakaenda. Wa kupelekwa kwa daktari ni yule aliyepita miezi tisa asiweze kukaa, au asiyefuata kitu kwa macho, au asiyegeuka asikiapo sauti, na hasa yule aliyekuwa akiweza jambo kisha akaliacha. Binti wa koplo alikaa bila vitambaa tarehe 9 Novemba, miezi mitano na siku tano. Beseni likarudishwa kwa mwenyewe.

Kabla ya hapo kulikuwa na juma moja baya. Mwishoni mwa Oktoba mtoto alishikwa na homa na kuharisha, akawa anatafuna ngumi na kukataa ziwa. Mwanamke mmoja wa nyumba za upande wa pili alimfungua mdomo, akaonyesha uvimbe mweupe katika ufizi, akasema hayo ni ebino, meno ya uongo, na kwamba yasipong'olewa mtoto atakufa. Alimjua mtu wa kuyang'oa. Imani hii imeenea katika Uganda nzima, na hapana budi isemwe wazi kwamba ni imani yenye kuua. Hakuna meno ya uongo. Kinachochimbuliwa ni kijusi cha jino la kweli ambalo bado halijatoka, na huchimbuliwa kwa kisu au kwa njiti ya baiskeli. Mtoto ambaye alikuwa na ugonjwa wa kuharisha tu huondoka hapo akiwa na kidonda, damu iliyopotea, na sumu iliyoingia mwilini. Mama alisitasita usiku kucha. Mwanamke yule alikuwa mkubwa wake, na mtoto alikuwa amelegea. Alfajiri alimfunga mbeleko akaenda zahanati. Akapewa dawa ya maji ya chumvi na sukari pamoja na vidonge vya zinki, akaambiwa asiache kumnyonyesha. Siku ya nne homa ilikwisha. Jino la kwanza, la kweli, lilitoka tarehe 12 Januari, chini, upande wa kushoto, na mama alilichora kwenye daftari.

Juu ya chakula hapana mengi ya kusema. Alimnyonyesha ziwa peke yake mpaka miezi sita ilipotimia, kisha akaanza kitobero, chakula kile ambacho watu wa Mwanamugimu wamekifundisha kwa miaka mingi: ndizi au viazi, na pamoja navyo maharage au karanga zilizosagwa, mukene kidogo, na mboga za majani, vyote vikafungwa katika jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke. Mukene ni wale dagaa wa ziwani. Ni rahisi sokoni na una nguvu kuliko nyama ya bei kubwa. Mtoto alikula.

Ndipo likaja lile jambo lisiloulizwa. Tarehe 2 Februari 2019 mama aliandika: "Leo amemwogopa mwenye duka, amelia." Mwenye duka huyo alikuwa amempakata mara nyingi. Siku nne baadaye mtoto alimlilia padri. Kisha akaanza kumfuata mama yake kwa kutambaa hata mlangoni mwa choo, na mama alipokwenda kuanika nguo alilia mpaka akarudi. Majirani walisema ameharibika kwa kudekezwa, ambebe mchache. Mama aliandika hayo yote asielewe ni nini.

Koplo alirudi Ijumaa, tarehe 22 Februari. Alishuka kwenye lori akiwa na sare, kofia, miwani ya jua na begi mgongoni, amekonda na kuwa mweusi kwa jua la Mogadishu. Wake wa askari walipiga vigelegele. Alimfikia mkewe, akanyosha mikono, akamchukua mtoto kutoka kiunoni kwa mama yake na kumwinua juu. Kilio alichokitoa mtoto kilinyamazisha vigelegele. Alijipinda kama samaki, akamsukuma baba yake usoni kwa viganja vyote viwili, miwani ikaanguka. Koplo alimrudisha kwa mama yake, akacheka kicheko kifupi, akaokota miwani.

Usiku mtoto hakukubali hata baba alale upande wa ukuta. Siku ya pili ilikuwa vivyo hivyo, na ya tatu. Kila alipoingia mtoto alijificha kifuani kwa mama. Kila alipomwita jina mtoto alilia. Kambini hakuna siri, maana ukuta wa bati haufichi kikohozi. Bombani maneno yakaanza. Mmoja alisema damu haipotei njia. Mwingine akasema mtoto humjua baba yake hata gizani, na anayemkataa ana sababu. Mwingine, ambaye huenda hakukusudia ubaya, alikumbusha kwamba Septemba 2017 koplo alikuwa Singo katika mafunzo ya kujitayarisha kwa safari, akija nyumbani kwa ruhusa ya siku mbili tu. Maneno ya namna hiyo hayana mwenyewe, lakini hufika. Siku ya tano mama alipokuwa akifagia aliona kalenda ya mwaka 2017 imetolewa sandukuni na kuwekwa chini ya mto. Siku tatu za Septemba zilikuwa zimezungushiwa alama ya kalamu.

Hakulia. Alingoja bwana wake amalize chakula, akaiweka kalenda mezani pamoja na daftari, akasema, "Baba, kama ni hesabu, uliza. Tuhesabu pamoja." Koplo alinyamaza. Mama akafungua daftari ukurasa wa kwanza kabisa, ambapo, kabla ya habari yo yote ya mtoto, aliandika tarehe ambayo mkunga alimwambia mimba ilipoingia, na chini yake tarehe za ruhusa ya Singo, si kwa kujitetea, bali kwa sababu aliambiwa kila kitu aandike. Walihesabu. Hesabu ilikubali. Lakini hesabu inaweza kumaliza shaka, haiwezi kumtuliza mtu aliyekataliwa na mwanawe mbele ya kambi nzima, na koplo siku hizo alikawia kazini kuliko ilivyohitajiwa.

Jumatatu tarehe 4 Machi ilikuwa siku ya chanjo ya surua. Koplo alikwenda nao kwa kuwa mkewe alimwomba, akasimama nyuma kama mlinzi. Mwuguzi, mama mtu mzima, alipomsogelea mtoto, mtoto alilia kilio kile kile. Alimlilia pia karani wa kadi. Alimlilia mzee mmoja aliyempa peremende. Koplo alitazama hayo yote, na kwa mara ya kwanza tangu arudi akauliza, "Kwani huyu hulilia kila mtu?"

Mwuguzi alicheka, akamkalisha kwenye benchi. Akamweleza kwamba mtoto wake hana ila. Kwamba ubongo wake umefika mahali pa kuweza kutenganisha sura azijuazo na asizozijua, na kukumbuka mama yake hata anapokuwa hamwoni. Kwamba mtoto anayemlilia mgeni ni yule aliyekwisha kupata mtu wake. "Baba," alisema, "hakukukataa. Hajakujua bado. Wewe umemjua kwa miezi tisa kwa picha, yeye ana siku kumi tu na wewe."

Yafaa wasomaji wajue kwamba elimu hiyo, ambayo leo hufundishwa katika vyuo vya dunia nzima, ilianza kukusanywa karibu na hapo hapo. Mwaka 1954 Bibi Mary Ainsworth, mtaalamu wa saikolojia aliyezaliwa Marekani na kukulia Kanada, alifika Kampala kwa kuwa bwana wake alipata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki. Kwa miezi kama tisa alizunguka katika vijiji vya Buganda vilivyo karibu na mji, pamoja na mkalimani, akawa mgeni katika nyumba za watoto wachanga 28 kila baada ya majuma mawili, akikaa sebuleni na akina mama mchana na kutazama. Aliona kwa macho yake watoto waliokuwa wakimpokea vizuri wakigeuka katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza wakamwogopa. Aliona wakimfuata mama anapotoka, wakimtumia kama kituo cha kutokea kwenda kuchezea vitu na kurudi. Kitabu chake juu ya watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Miongoni mwa aliyoyaona ni kwamba watoto waliotulia zaidi hawakuwa wale wenye mama wakali wala wale walioachwa walie. Walikuwa wa akina mama walioweza kumweleza habari za mtoto kinaganaga: anapenda nini, analiaje akiwa na njaa, jana alifanya nini. Kwa maneno mengine, akina mama wa daftari, wawe wanajua kuandika au hawajui.

Kwa baba wa mbali kuna habari nyingine ya kufariji. Mwaka 1964 wataalamu Schaffer na Emerson walieleza habari za watoto 60 wa Glasgow, Uskoti. Waliona kwamba mtoto hamwandami tu yule anayemlisha, wala yule anayekaa naye saa nyingi zaidi. Humwandama anayemjibu anapoita na anayecheza naye. Na wako waliomwandama baba ambaye hukaa nao muda mfupi tu kwa siku. Askari mwenye saa moja jioni anaweza kupata alichokipata mtu mwenye mchana kutwa, mradi saa hiyo aitumie kwa mtoto, si kwa redio.

Mwuguzi alimpa koplo maagizo machache, naye kwa kuwa ni askari aliyafuata kama yalivyotolewa. Asimnyakue mtoto mikononi mwa mama yake. Avue kofia na miwani kabla ya kuingia. Aketi chini, kwa kuwa mtu mrefu humtisha mtoto, aongee na mama kwa sauti ya kawaida, mtoto atazame kutoka mapajani kwa mama mpaka atosheke kutazama. Awe na kitu mkononi akichezee mwenyewe, asimpe. Asimwite. Mama naye asimtupie baba mtoto kisha akatoroka kwa mlango wa nyuma. Anayefanya hivyo humfundisha mtoto kwamba baba akija mama hupotea.

Kwa siku tatu koplo aliketi juu ya mkeka kila jioni akigongagonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko, na majirani waliopita mlangoni walifikiri joto la Somalia limemwathiri. Siku ya nne mtoto alitambaa hadi katikati ya mkeka, akasimama hapo, akarudi kwa mama yake mbio. Siku ya sita alifika akashika kijiko. Koplo hakujitikisa. Mama aliandika kwamba bwana wake alikuwa ametoa jasho. Juma la pili mtoto alikuwa akimpa baba yake vipande vya ndizi alivyokwisha kuvitafuna, na koplo alivila vyote. Mwishoni mwa Machi alikubali kubebwa mpaka bombani, mkono mmoja ukiwa umeshika kola ya baba, na wanawake waliokuwa na maneno walikuta wana ndoo za kujaza.

Hazikuwa siku za asali zote. Kwa muda mrefu mtoto alipougua au kushtuka usiku alimtaka mama peke yake, na koplo alipaswa kukubali kurudishwa nyuma kila mara. Kuhusu kalenda, mama hakuisahau upesi. Alisema wazi kwamba mtoto alikuwa na haki ya kutomjua baba yake, lakini mtu mzima hakuwa na haki ya kutomjua mkewe. Koplo hakuwa na jibu, akakaa bila jibu, na labda hiyo ndiyo heshima aliyoweza kuitoa. Kalenda aliichoma mwenyewe jikoni.

Daftari lilibaki. Kurasa nyingi zilikuwa bado nyeupe, na kwa kuwa sasa hakuna wa kuandikiwa ng'ambo, mama aliliweka juu ya kabati. Mwishoni mwa Aprili, alipokuwa ametoka kununua mkaa, koplo alilishusha. Mwandiko wake ni wa mtu aliyezoea kuandika ripoti, herufi kubwa, bila kuunganisha:

"Jumapili, 28/4/2019. Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Mahali: mlangoni, upande wa ndani. Amesimama peke yake bila kushika kitu, hesabu ya saba. Ameketi mwenyewe. Hakuna majeruhi."

Chini yake alitia namba yake ya jeshi, cheo na sahihi.